Chekecheke la Kiomoni

Nimeajiriwa kuchekecha udongo.
Elfu kumi na tano kwa siku, chai na andazi juu yake,
na Daktari Semhando, mtoto wa Muheza,
ananikataza kusema "takataka".
"Sema mabaki, Mwantumu."
Basi nasema mabaki.

Shimo letu liko nyuma ya tanuri la chokaa,
hatua mia mbili kutoka Mto Mkulumuzi,
kina chake mtu na nusu.
Ukutani mwake miaka imelala
kama mikeka iliyorundikwa kungoja msiba.
Tulichimba kutoka juu, lakini nasimulia kutoka chini,
kama ilivyotokea.

Chini kabisa, mkeka mweusi.
Hapo waliishi watu wa majembe ya mwanzo mwanzo,
kabla ya mkonge, kabla ya reli,
kabla neno Tanga halijapata mdomo wa kulitamka.
Walikula mtama. Najua,
maana punje zao zimekwama kwenye chekecheke langu,
zimeungua, nyeusi, nono,
kubwa kuliko za mama yangu.

Mkeka wa pili, punje zinapungua.
Wa tatu, si mtama tena: ni uwele,
nafaka ya watu waliokwisha kubishana na mbingu
wakashindwa.
Nimejaribu kuisikia siku ile.
Mwanamke mmoja (nampa jina, Mnkande, Daktari asisikie)
amesimama na kibuyu cha mbegu,
mumewe anasema, Vuli itakuja,
mama mkwe anasema, Uwele ni chakula cha ndege,
naye anainama, anautia shimoni,
anafukia kwa kisigino,
hajibu.

Kisha mchanga.
Unene wake kiganja na vidole viwili.
Hakuna punje, hakuna jivu, hakuna kigae.
Siku tatu niliuchekecha ule mchanga
na kila jioni nikaandika daftarini: hamna.
Hamna. Hamna.
Kijana wa chuo akaniuliza, mbona unaandika kwa nguvu,
kalamu inatoboa karatasi?

Kule pangoni wamekata jiwe la matone.
Limepasuliwa kama kitunguu, nikaonyeshwa pete zake:
pete nene, masika yaliyojaza mitungi;
kisha nyembamba, nyembamba,
nyembamba kama uzi wa kushonea kofia.
Nikahesabu arobaini, macho yakachoka.
Mama angesema hata jiwe lilikaukiwa machozi.
Mimi nilisema tu, Loo.

Nikauliza: walikufa?
Daktari akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Labda walihama. Kule Usambara ukungu ulikuwapo.
Au walikufa. Au kwanza hili, kisha lile."
Msomi, lakini siku hiyo alinijibu kama mtu.

Nyumbani, mama amepanda mahindi mara tatu mwaka huu.
Ya kwanza jua. Ya pili jua.
Ya tatu Mkulumuzi uliingia shambani bila hodi
ukatoka na mbolea ya ruzuku.
Bwana shamba kaleta mfuko wa uwele,
mama kausukuma kwa mguu:
"Mimi si ndege."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Kisha nikafungua pindo la kanga,
nikamwonyesha punje moja niliyoiiba
(Daktari, nitairudisha Jumatatu).
Akaiweka kiganjani, akaigeuza kwa ukucha,
akainusa, kana kwamba harufu hudumu hivyo.
"Hii imeunguzwa na mtu asiyeangalia chungu," akasema.
"Alikuwa na mawazo."

Leo asubuhi nimekuta mfuko umefunguliwa,
nusu yake haipo,
na jembe lina udongo mbichi.
Sijauliza.
Nimechelewa kazini. Mvua ya usiku imekwangua ukuta wa shimo,
na juu kidogo ya mchanga, wanasema,
kimechungulia kigae.